Tupeane uzoefu: vifaru vidogo na askari wake, ulilipa ngapi na ukapata nini?

Mwana_Silversand

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa nyote.

Nafungua uzi huu kwa sisi wachache wa huku pwani tunaokusanya vifaru vidogo vya vita, vile vya mfano vya kuunga na kupaka rangi, na askari wake. Nataka tuambiane ukweli wa pesa. Siulizi kampuni gani ndiyo bora. Nauliza wewe mwenyewe ulitoa ngapi, ukapata nini, na kile kitu kiko katika hali gani leo baada ya kukaa kwenye joto letu na hewa yetu ya chumvi. Naanza mimi.

Mimi ni wa Malindi. Babu yangu alikuwa kijana Oktoba 1940, ndege za Italia zilipoangusha mabomu hapa mjini, na alikuwa akitusimulia mpaka tunahisi harufu ya moshi. Kwa hiyo sikusanyi vita vyote vya dunia. Nakusanya vile vilivyopita mlangoni kwetu: majeshi ya upande wa Waingereza yaliyotoka Kenya mwanzoni mwa 1941, yakaingia Kismayu Februari 14, Mogadishu Februari 25, na Addis Ababa Aprili 6.

Mwaka 2012 nilikuwa natafuta gari la deraya la Marmon-Herrington, lile la Waafrika Kusini. Bila hilo hadithi ya safari ile haikamiliki. Wakati huo nililiona la resini peke yake, ile plastiki ya kumiminwa, kwa muuzaji wa mtandaoni wa nje, na pamoja na usafirishaji likanifikia kwa shilingi 14,000. Sikuwahi kulipa pesa kama hizo kwa kitu cha kukaa mezani. Nilipolifungua nilikuta mapovu kwenye milango, bodi imepinda upande mmoja, na alama za misumari zimefifia kama sabuni iliyotumika. Ilikuwa nakala ya nakala. Mtu alichukua kazi ya fundi mwingine, akaitengenezea kalibu, akamimina resini yake, akaniuzia kwa bei ya asili. Niliinyoosha bodi kwa maji ya moto, nikaziba mapovu, nikapiga msasa ndani ya beseni la maji, maana vumbi la resini si la kuvuta kifuani. Kazi ya miezi miwili. Mtutu wa bunduki ukalegea tena dirishani msimu wa kaskazi.

Miaka kadhaa baadaye kampuni ya IBG ya Poland ikatoa gari lilelile la plastiki, 1:35, yaani dogo mara 35 kuliko lenyewe halisi, milango imechongeka vizuri, vipande vinaingiana bila kulazimishwa. Lilinigharimu chini ya nusu ya lile la kwanza. Ndilo lililo kabatini sasa.

Upande wa rahisi nao una yake. Muitaliano mmoja aliyekuwa anahama hapa mjini aliniuzia maboksi sita kwa 9,000. Nikagawa, 1,500 kila moja, nikarudi nyumbani nimefurahi. Mawili yalikuwa ya miundo ya zamani sana. Wasiojua historia yake: Panther ya kwanza, kifaru cha Wajerumani, ya kampuni ya Tamiya ya Japani, 1961, iliundwa iweze kutembea kwa mota, na ukubwa wake ulipangwa betri ziingie tumboni. Ndiko kipimo cha 1:35 kilikotoka. Basi zile seti za zamani utazikuta chini zina matundu ya swichi, na vipimo vyake si vya kutegemea. Hayo yanazibika. Kilichoniuma ni minyororo. Ilikuwa ya vinili laini, imelalia magurudumu ndani ya boksi, chumba cha mabati, miaka sijui mingapi. Vile vilainishi vilivyomo kwenye vinili huila plastiki ya kifaru. Magurudumu manne yalikuwa yameyeyuka mfano wa mshumaa.

Lakini boksi la sita lilikuwa L3 ya kampuni ya Bronco, kile kifaru kidogo cha Waitaliano cha watu wawili. Kikishaungwa ni kama sentimita 9 tu kwa urefu. Ukikipima kwa ukubwa utasema umepunjwa. Minyororo yake ni kiungo kimoja kimoja, na nilikaa nacho wiki tatu za usiku nikiwa na raha ambayo Tiger kubwa ya Wajerumani haijawahi kunipa.

Karibuni.

---

Binti_Mambrui

Waalaykum salaam kaka. Mimi kazi yangu ni hina na piko, napamba maharusi kuanzia Mambrui mpaka Watamu. Askari nilianza kuwapaka rangi kwa sababu ya mdogo wangu, naye akaacha, mimi nikabaki nao.

Nilianza na wale wa 1:72 wa plastiki laini, boksi zima chini ya 1,500, watu arobaini na zaidi. Nikawapaka siku tatu. Mmoja alipoanguka, rangi ya mguu ikatoka yote kama ganda. Plastiki ile hujipinda, na rangi haipindi nayo. Isitoshe, kiwandani hupakwa mafuta ili watoke kwenye kalibu kirahisi. Sasa nawaosha kwa sabuni ya vyombo na mswaki, nawaacha wakauke usiku kucha, halafu napaka rangi ya msingi inayovutika. Wananikaa. Kwa hiyo sisemi wale ni wabaya, nasema bei yao ina kazi ndani yake.

Ninapotoa pesa bila kuuliza ni kwenye brashi na rangi ya msingi. Brashi moja ya nywele za kweli, yenye ncha inayorudi, imeshinda sita za bei ya chini nilizonunua kwa pamoja. Rangi za akriliki huku kwetu hukauka kwenye brashi kabla hujafika kwenye jicho la askari, basi naweka sponji yenye maji kwenye kisahani, juu yake karatasi ya kuokea keki, rangi nachanganyia hapo. Inakaa mbichi adhuhuri nzima.

Na vile vipande vya shaba vyembamba kama karatasi, vinavyouzwa pembeni kwa kupendezesha kifaru: niliviunga kwenye gari moja nikachelewa kulipaka. Nyumba yetu inatazamana na bahari. Wiki chache tu vikageuka kijani. Ukinunua shaba, ipake msingi kabla haijazoea hewa.

Sasa jambo linalonikera hasa. Sura. Unakuta seti inaandikwa askari wa Kiafrika, bei juu, na mchongaji amechukua kichwa chake kilekile cha siku zote akatarajia mimi nimalize kwa rangi ya kahawia. Rangi haibadilishi pua wala shavu. Mimi natazama nyuso na mikono ya watu kila siku kwa kazi yangu, najua mkono wa mtu hukunjwa vipi. Mchongaji akishindwa uso na vidole, sitoi hata shilingi 500, hata kama vifungo vya shati vinahesabika.

---

Kijana_Barani

Shikamooni wakubwa. Mimi langu ni fupi. Niliagiza kifaru cha 2,800, nikafurahia bei. Usafirishaji ukawa 3,100. Kikafika Kenya, ushuru, VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa mpaka juu ya nauli, na ada ya wakala. Kikanifikia kwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyoiona kwenye skrini. Sasa tunaagiza watu wanne pamoja, mzigo mmoja. Na nimejifunza kitu: nauli ya kifaru kibaya na ya kizuri ni ileile. Kwa hiyo kikivuka bahari, bora kiwe kizuri.

---

Mjukuu_wa_Keya

Dada wa Mambrui umenigusa. Nami naandika kutoka Lamu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), akapelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope. Begani walivaa alama ya kichwa cha kifaru, mnyama mwenyewe mwenye pembe. Nikiwa mdogo nilidhani babu aliendesha kifaru cha chuma, kwa sababu akisema "sisi watu wa kifaru" sisi watoto tulielewa hivyo. Alitembea kwa miguu.

Mimi sitafuti vifaru basi. Namtafuta mtu mmoja tu: askari wa Keya wa Burma, 1:35, na ile kofia pana, bunduki begani, mgongo umebeba mzigo. Nimemtafuta miaka. Niliwahi kununua askari mmoja wa resini kwa 4,500, peke yake, sentimita 5 tu za urefu. Kazi ya mavazi ilikuwa ya hali ya juu, mikunjo ya suruali, buti, kila kitu. Uso, kama dada alivyosema. Nilimpaka mara mbili, nikamfunika kwa kitambaa. Nilimwonyesha baba akanyamaza. Akanirudishia.

Halafu nikanunua seti ya plastiki ya askari wanne wa Jumuiya ya Madola kwa 1,800. Nilichukua kofia pana kwa mmoja, mikono kwa mwingine, kichwa nikakiongezea udongo wa epoksi nikachonga kwa sindano ya kushonea, nikiiga picha ya babu aliyopiga baada ya kurudi. Pua ilinishinda mara tano. Si kazi ya kuuzika. Mtaalamu akiishika ataona mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini baba alipomshika huyo askari aliuliza, "Umemuona wapi?"

Kwa hiyo nikiulizwa ubora, najibu kwa huyo wa 1,800. Ila naona pia kwamba wa 4,500 ndiye aliyenifundisha buti zinavyokaa, na sijamtupa.

---

Baba_Wawili

Ndugu zangu, mnisamehe, naona uzi unaelekea kuwaonea wa rahisi. Mimi nina wavulana wawili. Tunapanga vita sakafuni, tuna vichaka vya sponji na kambi ya makuti. Askari wetu ni wa 1:72 na vifaru vyetu ni vile vya kubana bila gundi, nusu saa kimoja kimesimama. Vimevunjika, vimebandikwa, vimevunjika tena. Tunavyo zaidi ya mia mbili kwa pesa ambayo mwingine hununulia gari moja la resini. Mwanangu wa miaka kumi anajua kutofautisha Matilda ya Waingereza na M13 ya Waitaliano kwa kivuli chake ukutani. Ningemnunulia cha 7,000 ningemkataza kukigusa, na asingejua.

Kitu kimoja sikubali hata kwa watoto: kuchanganya vipimo. Askari wa 1:72 akisimama kando ya kifaru cha 1:48, huyo ni mtoto kando ya lori. Wenye maduka huvichanganya mfuko mmoja. Soma namba kabla ya kulipa.

---

Fundi_Matondoni

Nimesoma yote na nimefurahi muno. Mimi sikusanyi, mimi nachonga majahazi madogo kwetu Matondoni, Lamu, lakini jambo mnalolizungumza ndilo langu la kila siku.

Kuna jahazi ninalouza 2,000 na kuna la 15,000, na ukiyaweka gatini kwa mbali mgeni atachagua la 2,000 kwa sababu linang'aa vanishi. La rahisi nimelichonga gogo moja, nikalitoboa ndani, tanga la kitambaa chochote. Lile jingine nimeanza na mkuku, ule mti wa chini kabisa, nikapandisha hanamu ya omo, nikaweka taruma, yaani mbavu zake, moja moja, halafu mbao, vilevile tunavyounda la kwenda baharini. Taruma huzioni tena likishafungwa. Lakini umbo la ubavu linatoka kwenye taruma, na mtu wa bahari akilitazama anajua kuwa litaelea.

Alinijia bwana mmoja akataka nimchongee kifaru cha mti wa mbambakofi, akaniletea picha moja ya ubavuni. Nikamwambia picha moja haitoshi, niletee ya mbele na ya juu, na urefu wa chenyewe halisi. Akaona namtaabisha. Akaenda kwa mwingine, akapata kwa nusu ya bei yangu. Alinionyesha baadaye. Kilikuwa kizuri kwa msasa, kinateleza mkononi, ila magurudumu yalikuwa matano ubavu mmoja na sita mwingine. Bwana mwenyewe hakuwa ameyahesabu mpaka siku ile.

Kwa hivyo nikiruhusiwa kusema kama fundi: geuza kitu chini utazame kule ambako mwenye kukiunda alidhani hutatazama. Mimi boti ya mwenzangu naianzia chini daima.

La pili, kabati. Mnatumia maelfu kwa vifaru na mnaviweka rafuni, hewa ya chumvi inapita. Kioo pande nne na kifuniko kinachobana, mbali na dirisha la jua. Sanduku la kioo lenye msingi wa mti mgumu halifikii bei ya hiyo resini ya kaka wa Malindi.

---

Mwana_Silversand

Fundi, baada ya kusoma neno lako nimegeuza vyote vilivyomo kabatini. Viwili nimevitoa. Kimoja nilikuwa nakisifia kwa wageni miaka minne, na chini yake magurudumu hayagusi mnyororo.

Nataka sanduku la urefu wa sentimita 60, upana 25, kimo 20. Ndani zikae L3 mbili, Marmon-Herrington, na nafasi ya askari sita kando ya barabara. Nipe bei yako ya ile kazi ya taruma, si ile ya vanishi.

Mjukuu wa Keya, kuna muuzaji ametangaza askari wa Keya wa 1:35, resini, wawili kwa 7,600. Mavazi yanaonekana sawa na kofia ni yenyewe. Nafikiri tugawane, mmoja wako mmoja wangu, na dada wa Mambrui tumlipe atupakie rangi. Mnaonaje?

---

Mjukuu_wa_Keya

Mimi niko tayari, 3,800 yangu natuma leo.

---

Binti_Mambrui

Msitume kwanza. Mwambieni muuzaji apige picha ya uso kwa karibu, bila rangi, mbele na ubavuni, na ya mkono ulioshika bunduki. Akikataa, mmeshapata jibu lenu. Akituma, nileteeni mimi nizitazame, na Mjukuu aniletee na ile picha ya babu.