Mita ya sumaku inarukaruka namba, msaada wakuu

Wakuu, tumefunga mita ya sumaku (ya kupima mtiririko wa maji) kwenye bomba la inchi 4 kiwandani, pampu ikiwaka namba zinarukaruka balaa, ikizimwa bado inasoma kama maji yanapita. Shida nini?

Jibu: Umeifunga wapi mkuu? Ikikaa karibu na valvu au kona maji yanafika yamevurugika, acha bomba lililonyooka angalau mara 5 ya kipenyo kabla ya mita, yaani kama sentimita 50 hivi.

Jibu: Hiyo ya kusoma pampu ikiwa imezimwa naona bomba linabaki nusu tupu, elektrodi (vile vichuma vya ndani ya mita vinavyogusa maji) ziko hewani. Ifunge wima maji yapande juu. Na cheki ethi (waya wa kuunganisha na ardhi), bomba la plastiki linataka ringi za ethi, yaani pete za chuma zinazogusa maji, pande zote mbili za mita, mafundi wengi wanaruka hapo!

Muulizaji: Bomba ni plastiki kweli na ringi hakuna, kesho naanza na ethi. Asanteni sana.