Sugar Ann au Sugar Snap: mbegu ipi kwa tuta moja la nyumbani?

mchicha_mwitu: Wakuu salaam. Nataka mbegu za njegere zile zinazoliwa na ganda lake. Nimebaki na mbili, Sugar Ann na Sugar Snap, na nachukua pakiti moja tu. Ipi inazaa zaidi?

fundi_kitalu: Mkuu, umeuliza nusu swali. Tuta lina ukubwa gani? Linapata jua kwa muda gani? Joto la mchana litakuwaje miezi miwili ijayo? Pa kutambalia papo? Usiposema hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Mama_Mboji: Mimi sisubiri majibu: Sugar Snap. Hupanda hadi karibu mita 1.8, na unapochuma chini juu bado inatoa maua. Sugar Ann huishia sentimita 60 hivi, hukomaza karibu yote kwa pamoja, halafu basi.

koleo: Mama, hesabu na siku pia. Sugar Ann huanza kuchumwa takriban siku 56 baada ya kupandwa, mwenzake huchelewa siku kumi hivi. Joto la mchana likizidi nyuzi 27 maua huanza kudondoka bila kufunga ganda. Mmea mrefu uliochelewa kuchanua utakupa majani tu.

mchicha_mwitu: Samahani wadau. Tuta ni mita 3 kwa sentimita 80, jua la asubuhi mpaka saa nane mchana. Sasa ni kama nyuzi 20, joto linapanda taratibu. Kuna uzio wa mabomba. Mbegu naloweka siku mbili, sivyo?

fundi_kitalu: Siku mbili hapana! Usiku mmoja, yaani muda wa saa 8 hadi 12 tu, na udongo ukiwa na unyevu wa kutosha acha kabisa. Mbegu za njegere tamu zimekunjamana kwa sababu zina sukari nyingi. Zikikaa majini mno ganda la mbegu hupasuka, sukari huvuja, na kuvu wa kinyausi, wanaoozesha mbegu na miche, huifuata. Kuna tuta moja la mfinyanzi lilipandwa hivyohivyo: mbegu zilizolowekwa siku mbili, zikafukiwa sentimita 6, zikamwagiliwa kila jioni. Wiki mbili kimya. Mwenye tuta akadhani ndege wamekula, akapanda tena juu yake, akaongeza maji. Kufukua, mbegu zote uji unaonuka. Hakukuwa na ndege wala mbegu mbovu, zilikosa hewa tu. Fukia sentimita 2.5 hadi 4, mwagilia mara moja vizuri, kisha subiri mpaka juu pakauke kidogo. Udongo ukiwa nyuzi 15 hadi 18 zitachomoza ndani ya siku kumi hivi. Ukiwa baridi sana, kama nyuzi 5, hata mwezi.

shamba_darasa: Weka na urea kidogo zikichomoza.

koleo: Urea ya nini? Njegere zinajitengenezea naitrojeni kwenye vinundu vya mizizi. Ukiongeza, vinundu vinazembea, unapata majani mazito na maua machache. Mboji iliyoiva inatosha. Kama hapo hapajawahi kupandwa njegere, paka mbegu bakteria wa raizobia, wanaotengeneza vinundu hivyo, kabla ya kufukia, ila wawe wa njegere. Wa maharage hawafanyi kazi.

shamba_darasa: Udongo uliochoka unahitaji kianzio bwana, vinundu havifanyi kazi siku ya kwanza.

koleo: Mbegu yenyewe ina akiba ya kuanzia.

Mama_Mboji: Nyie endeleeni. Mchicha, mabomba hayo unene gani? Vikono vya njegere hujizungusha kwenye kitu chembamba, penseli kwenda chini. Bomba nene havilishiki, mmea unateleza na kulala. Funga wavu au kamba kabla ya kupanda, maana ukichomeka nguzo baadaye unakata mizizi. Panda mistari miwili, mmoja kila upande wa wavu, mbegu kila sentimita 5. Kwa mita 3 ni mbegu 120. Angalia pakiti yako ina ngapi.

ganda_tamu: Mbona hakuna aliyetaja ubwiri unga? Sugar Snap ya asili, ile ya mwaka 1979, hushikwa haraka, majani yanakuwa kama yamepakwa unga. Super Sugar Snap inastahimili zaidi na ni fupi kidogo. Mimi ningechukua hiyo.

mchicha_mwitu: Nimekuja na mbili, sasa zimekuwa tatu 😅 Zote zina uzi kwenye mshono?

ganda_tamu: Zote. Vunja ncha, vuta uzi kuelekea upande wa pili. Kama hutaki uzi, tafuta Sugar Sprint. Na usichume ganda likiwa bapa, subiri linenepe lijae, hapo ndipo lina utamu. Pita kila siku au siku mbili, ukiacha yazeeke mmea unaacha kuchanua.

shamba_darasa: Ila abakize machache yakauke mpaka yagongegonge, apate mbegu za msimu ujao. Si chotara hizo, na ua hujichavusha lenyewe.

koleo: Abakize kwenye mimea isiyo na ubwiri wala majani ya madoadoa, kuna virusi vinavyopita ndani ya mbegu. Na msimu ujao asirudie tuta hilohilo, mnyauko wa fusari, ugonjwa wa kuvu, hubaki udongoni miaka.

mchicha_mwitu: Tuta nililonalo ni hilo moja tu wakuu.