"Inaingia tu bosi": fundi kaniulia fremu ya baiskeli ya Reynolds 531 hapa Arusha, na bado anadai hela ya kazi

Wakuu, habari za jioni. Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, lakini leo nimekaa kwenye ngazi za nyumba hapa Sakina, fremu imelala mbele yangu juu ya gunia, na nikinyamaza nitapasuka.

Wale wa "si ununue bodaboda" naomba mpite kimyakimya. Wa "hela za kuchezea unazo" nanyi piteni, mlango uko wazi.

Nianze mwanzo. Mwaka jana mwezi wa 10 nilikuwa Moshi kwenye msiba upande wa mke wangu. Siku ya kurudi nikapita kwa jamaa anayeuza baiskeli za mtumba, zile zinazoshuka na kontena. Katikati ya rundo la baiskeli za watoto nikaona usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Nikavuta. Bluu iliyochubuka, jina la mbele limefutika, tairi zimeoza mpaka zinamwaga unga. Ila kwenye bomba la siti kuna kistika kimebanduka pembeni: Reynolds 531. Mwenye mali akaniambia, "Hiyo ya mzungu kaka, tairi zake kama kamba, haibebi hata kiroba cha mkaa. Lete laki na thelathini." Nikatoa laki na ishirini, nikaifunga juu ya hiace, nikarudi Chuga natabasamu peke yangu kama chizi.

Kwa wasiojua: 531 ni chuma cha Birmingham, Uingereza, kimechanganywa na manganizi na molibdeni, kiliingia sokoni 1935. Bomba zake ni nene kwenye ncha, nyembamba katikati, kwa sababu kwenye ncha ndiko zinakounganishwa na ndiko zinakoumia. Ukuta wa bomba haufiki milimita 1. Ukiligonga kwa kucha linalia kama glasi. Nenda kagonge baiskeli ya Phoenix uone, linakujibu kama ndoo. Na viungo vyake havikuchomelewa kwa umeme, bomba zimechomekwa kwenye soketi na kushikwa kwa shaba iliyoyeyushwa. Hili la kuchomelea likumbukeni, tutalirudia.

Sikutaka kitu cha kuweka sebuleni. Nilitaka baiskeli ya kupandia Monduli asubuhi ya Jumapili. Gia za zamani zile zinabadilishwa kwa vijiti viwili pale kwenye bomba la chini. Unaachia usukani kwa mkono mmoja, unainama, huku fuso linakupumulia kisogoni pale Kisongo. Hapana. Nikataka zile breki za mkono zenye gia humohumo, ambazo Shimano walianza kuzitoa 1990, gia 8 nyuma, na ringi za kisasa.

Sasa sikiliza nyimbo.

Wimbo wa kwanza niliimbiwa na muuza tairi. Baiskeli ilikuja na ringi za inchi 27, na tairi za 27 mjini hapa hakuna, zimejaa 28 za Phoenix. "Chukua 28 mkuu, inaingia tu." Haiingii! Yaani inaingia, halafu inatoka ukiwa kwenye mteremko. Pale tairi inapokaa, ringi ya 27 ina kipenyo cha milimita 630, ya Phoenix ni 635. Hizo 5 ndizo zitakazokupeleka Mount Meru wodini. Ndiyo maana nikaamua kuhamia saizi ya 700C, ambayo ni 622. Breki zikabidi zishuke milimita 4 kila upande, nikatafuta zenye mikono mirefu, nikazipata. Hapo sina malalamiko.

Wimbo wa pili, muuza ringi wa Dar, wa mtandaoni. Nikamwomba apime ekseli ya nyuma kutoka nati hadi nati, nikamwambia nataka milimita 130. Akanitumia picha ya futi imelazwa juu ya ringi. Nikamwambia si ringi, ekseli. Akajibu, "Ni 130 hiyo kaka, hizi zote sawa." Mzigo ukaja na basi, napima, 135. Nampigia: "Milimita 5 ni nini kaka? Unapanua tu fremu, inaingia."

Kupanua nilikuwa nimeshapanua, tena mwenyewe. Fremu ilikuwa na 126 nyuma, za zama za gia 6. Kwenda 130 ni milimita 2 kila upande, na chuma kinakubali kupindwa taratibu na kubaki hapohapo. (Mwenye aluminiamu au kaboni asijaribu, atalia.) Nikalaza fremu uani, nikatia ubao wa mbili kwa nne katikati, nikasukuma upande mmoja, nikapima, nikahamia wa pili. Halafu uzi wa fundi mwashi: unaufunga kwenye sikio la kushoto pale ekseli inapokaa, unauzungusha mbele kwenye kichwa cha fremu, unaurudisha sikio la kulia, kisha unapima umbali wa uzi na bomba la siti huku na huku. Mara ya kwanza zilipishana milimita 3. Nikasukuma tena kidogo, nikapima, nikasukuma. Mpaka magharibi zilikuwa zinapishana chini ya moja. Mke wangu alikuwa anapita na ndoo, akauliza kama naomba mvua.

Kwa hiyo ya kwenda 135 sikuitaka. Nikatoa spesa ya milimita 5 upande wa kushoto wa habu (kitovu cha ringi), nikakata ekseli, kisha nikapeleka ringi Ngarenaro kwa mzee mmoja fundi wa Phoenix, anakaa chini ya mwarobaini na kopo la gololi. Yule mzee alivuta spoki upya ringi ikae katikati, hana mashine, ana jicho na kipande cha chaki. Shilingi 5,000. Nikamwonyesha na kikombe cha gololi cha upande wa kulia, pale inapopita ekseli ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli. Akakishika, akakigeuza shingo, akasema: "Hiki spana yake sina, mwanangu. Nisije nikakuharibia."

Wakuu, hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu. Nisije nikakuharibia. Nilitakiwa nimbusu mkono, nirudi nyumbani, niagize spana na kusubiri wiki tatu. Badala yake nikajifanya mwerevu, nikaenda kwa fundi wa "kisasa". Ana bango, ana kompresa, ana vijana watatu wenye ovaroli. Sitaji jina wala mtaa, msinifuate inbox.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi. Nikamweleza kwa adabu zote: fundi, hiki kikombe cha kulia nyuzi zake, zile za kukazia kama za skrubu, zimekatwa kinyume. Ndivyo fremu za Kiingereza zilivyo, ili mzigo unaozunguka na pedeli usije ukakifungua njiani. Kinafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa, yaani kama unakaza. Akaitikia "najua bosi, miaka 20 hii kazi". Nilikuwa nimeshakimwagia mafuta siku mbili. Nikachukua maka peni, nikachora mshale juu ya chuma chenyewe, nikaandika FUNGUA. Nikaacha na ekseli mpya ya boksi, ile yenye bearingi ndani, pembeni imeandikwa herufi ya kushoto na ya kulia. Mtoto wa darasa la pili angeifunga.

Narudi saa tisa. Kwanza nasikia harufu ya rangi iliyoungua. Nasogea. Mshale wangu bado upo, ila umekatizwa katikati na meno ya paipu renchi. Kumbe walivaa paipu renchi, wakachomeka bomba la maji la mita nzima kwenye mpini, na vijana wawili wakaning'inia. Upande gani? Wa kawaida! Yaani wakakaza. Wamekaza kikombe chenye miaka 40 ndani ya fremu, kwa uzito wa vijana wawili, huku wanatazama mshale.

Kilipogoma wakapeleka kwa jirani mchomeleaji. Akakibandikia nati kwa elektrodi, chuma kikawa chekundu, rangi ikababuka duara jeusi kama chapati iliyosahaulika. Hapo ndipo mwenye akili mmoja alipokumbuka kujaribu upande wa pili. Kikatoka. Kimetoka na nusu ya nyuzi.

Mngedhani wataacha. Wakachukua ekseli yangu mpya, wakafunga upande wa kushoto kwenye kulia. "Ilikuwa ngumu kidogo mwanzoni ila imeingia," kijana ananiambia, na anajivunia kabisa. Nikapitisha kidole ndani ya fremu. Grisi ilikuwa imejaa nywele za chuma, laini, zinang'aa, kama kilichobaki sakafuni kinyozi akimaliza. Nyuzi 24 kwa kila inchi zilikuwa mle. Sasa ziko kwenye kidole changu.

Nikamuuliza fundi taratibu, maana nilijua nikipandisha sauti nitapiga mtu: pedeli ya kushoto ya Phoenix inafunguliwa kuelekea wapi? Kabla hajajibu kijana akarukia: "Kinyume!" Kila fundi wa baiskeli nchi hii anajua hilo, hata wa chini ya mwarobaini bila bango. Sasa nikikwambia na hiki ni kinyume, na nimekuchorea, kinachokushinda kuamini ni nini? Akasema, "Bosi, ile ni pedeli, hii ni kitu kingine." Halafu akatoa suluhisho, na nawaapia hakuwa anatania: "Usiwe na wasiwasi, tunaichomelea moja kwa moja, haitoki tena milele."

Bearingi ikifa nafanyaje? "Utaleta."

Bili: 35,000. Ya kazi na "muda wa vijana". Nimekataa, akabaki na krenki yangu ya kulia mpaka nilipe.

Msinielewe vibaya, sisemi mafundi wetu hawajui. Wanafufua vitu ambavyo Ulaya vingeshatupwa. Ila kuna ugonjwa wa kuona aibu kusema "hii sijawahi kuishika". Mteja anaona kompresa, anaamini. Fundi anaona mteja ana hela, hataki aondoke. Na futi ipo pale ukutani imening'inia, haishushwi. Hasira yangu kubwa ni hiyo, kuliko hata fremu. Ningeambiwa hapana saa nne asubuhi, saa hizi baiskeli ingekuwa nzima.

Ninachoomba, kama kuna mwenye msaada wa kweli:

Nimesoma kwamba fremu ya hivi inaweza kukatwa upya nyuzi za Kitaliano, ambazo ni pana zaidi, milimita 36, na pande zote mbili zinafungwa kawaida. Kuna mwenye tepu za kukatia hizo, Arusha, Moshi, hata Nairobi? Nitapanda basi la Namanga nikiwa nimeipakata. La pili, kuna ekseli za krenki zisizohitaji nyuzi, zinajibana zenyewe ndani ya bomba kwa kukazwa kutoka pande mbili. Aliyewahi kuitumia aniambie kama inalia ukipanda mlima. Fundi wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) pia namkaribisha, ila aje na kaliba yake ya kupimia, akija na "inaingia" namfungulia mbwa.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Naona michango. Aliyeuliza kwa nini sikukaa pale kusimamia, mkuu, una haki, nilikwenda kulipia ada ya mtoto nikafikiri mshale unatosha. Aliyesema niende kwa mtendaji, nitamweleza nini, nyuzi za Kiingereza? Na wewe uliyeandika "chomelea tu mkuu, mbona mimi yangu nilichomelea", nimeona picha yako. Ile ni toroli.

Kuhusu ile joto la elektrodi: nimekwangua rangi pale soketi zinapokutana, shaba inaonekana nzima, haijavuja wala kupasuka. Uzi wa fundi mwashi nimeufunga tena jioni hii kwa tochi ya simu, bado zinapishana chini ya milimita moja. Kwa hiyo haijafa yote.

Krenki bado iko kwake. Nimeiona leo kupitia dirisha la hiace, imetundikwa kwenye msumari juu ya kompresa, na mtu kaining'iniza kofia.