Wauza akwariamu za maji chumvi: mnajua samaki watakufa na bado mnapokea hela

Wakuu, poleni na majukumu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, atakayesema nimetumia lugha kali apite tu.

Kuna fundi yuko Dar. Jina naliacha, kwa sababu wenzake wenye tabia hiyohiyo ni wengi na kila mmoja atajifanya hasemwi yeye. Kazi yake ni kufunga akwariamu za maji chumvi maofisini na mahotelini. Mimi nina gesti hapa Kigoma, Mwanga, nikataka pale mapokezi pawe na kitu ambacho mgeni hajakizoea. Samaki wa ziwani huku nani atawashangaa? Nikalipia tangi, pampu, filta, taa, mchanga, nauli yake na posho yake. Akaja. Asubuhi kajaza maji, kamimina chumvi, kakoroga. Jioni hiyohiyo samaki wakaingia. Picha zikapigwa, akaondoka na hela yake yote, hata shilingi ya kushikilia sikubakiza.

Wanaofuga wameshajua kilichofuata.

Kinachouma ni kwamba maji yalikuwa yanang'aa. Hayana harufu, hayana ukungu, mgeni anaingia anasifia. Wakaanza wale wadogo wa buluu: wanapanda juu, midomo nje, matamvua (mashavu wanayopumulia) yanafunguka na kufunga mbiombio. Ukiinama karibu na kioo unaona ndani ya matamvua pamekuwa pekundu isivyo kawaida. Halafu mmoja analala ubavu nyuma ya filta, jicho bado linakufuata. Nampigia fundi. "Bosi, hao wamechoka na safari, nakutumia wengine." Hao wengine ni kwa hela yangu. Wakaja, wakafa. "Bosi, huo ni ugonjwa wa madoa meupe, nakutumia dawa." Nimemulika kila samaki kwa tochi ya simu, doa hata moja hakuna. Dawa nayo ina bei yake.

Sasa nisikilizeni, maana hili hakuna muuzaji aliyeniambia, nimelipata kwa kijana wa hapahapa Kigoma anayefanya kazi ya kufunga samaki wa mapambo wa ziwani wanaokwenda nje ya nchi.

Samaki akipumua na kunya anatoa amonia. Amonia ni sumu, inachoma matamvua. Baharini inapotelea kwenye maji mengi na kuliwa na bakteria. Kwenye tangi jipya bakteria hao hawapo. Wanatakiwa waote kwanza kwenye mchanga, mawe na filta: kundi la kwanza linageuza amonia kuwa naitraiti, kundi la pili linageuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki anaivumilia na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kazi hiyo huchukua kama wiki 4 hadi 6, na hakuna kubembeleza. Siku ya kwanza tangi ni choo kisicho na shimo, na fundi kaingiza wapangaji.

Maji chumvi ni mabaya zaidi kwa hili, na fundi wa maji chumvi alipaswa kulijua kabla hajashika hela ya mtu. Kwenye maji yenye PH 7 (PH ni kipimo cha uchachu wa maji, ikipanda uchachu umepungua), sehemu ya amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki asilimia moja. Maji ya bahari yana PH kama 8.2, na hapo sehemu hiyo inapanda zaidi ya mara kumi. Ongeza na kwamba maji chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Samaki kachomwa matamvua, na hewa yenyewe ni ya kugombania.

Yule kijana alipoona picha ya mifuko waliyokuja nayo samaki wangu, alicheka kwanza. Chini ya mfuko kulikuwa na kinyesi na chembe za chakula zimelowa. Akaniambia wao wakitaka kusafirisha, samaki hapewi chakula kwanza, tumbo liwe tupu, asichafue mfuko njiani. Hawa wangu walilishwa wakatupiwa kwenye basi, zaidi ya kilomita 1,200!

Na kuna balaa lingine pale kwenye kufungua mfuko. Ndani ya mfuko uliofungwa, hewa chafu anayotoa samaki inashusha PH, kwa hiyo amonia iliyojaa humo inakuwa bado haijawa kali. Ukifungua, hewa ile inatoka, PH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu samaki akiwa bado anaogelea ndani yake. Maelekezo ya fundi yalikuwaje? "Fungua mfuko, acha saa nzima wazoee, halafu mimina vyote kwenye tangi." Vyote! Samaki na maji ya mfuko.

Tuje kwenye chumvi, hapa ndipo nilipotaka kupasua simu. Maji ya tangi yalipopungua kwa joto, akamwagiza kijana wangu wa mapokezi: nenda sokoni kanunue chumvi ya Uvinza, koroga, jazia, chumvi ni chumvi. Chumvi ya Uvinza ni nzuri, nimekua naila, dagaa wetu wanaijua. Lakini ni chumvi ya chakula. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi za aina mbalimbali: hiyo ya mezani ndiyo nyingi, ila kuna magnesiamu kama miligramu 1,300, kalsiamu kama 400, na vitu vinavyoshikilia PH isiyumbe. Samaki wa bahari huyanywa hayo maji anamoishi, si ya kuogelea tu. Isitoshe, maji yakikauka chumvi haiondoki, inabaki tangini. Unajazia maji baridi yaliyotolewa klorini (dawa ya maji ya bomba), basi. Ukijazia maji ya chumvi kila mara, unawakausha samaki kama dagaa wanaoanikwa Kibirizi.

Alipobanwa sana akaja na hili: "Hao wa kwanza huwa ni wa majaribio, bosi, wanaandaa tangi." Ahaa! Kumbe alijua. Alijua siku anachora makadirio, alijua wakati tunapiga picha. Aliniuzia kafara kwa bei ya samaki. Tangi linaandalika bila kuua kitu: unadumbukiza kipande cha samaki kioze, unapima amonia, unasubiri ipande na ishuke, naitraiti nayo ipande na ishuke, vyote viwili visome sifuri. Kipimo chenyewe ni vichupa vya matone vya kubadilisha rangi. Kwenye makadirio yangu kuna taa ya rangi saba. Kipimo hakimo.

NYONGEZA: Mnaoniambia "si ungesoma kwanza", nimelipa fundi ili asome yeye. Ukipeleka gari gereji huwa unasomea injini?

NYONGEZA 2: Mdau wa Tabora aliyeandika kwamba wa kwake walikaa vizuri muda mrefu kisha wakafa wote baada ya filta kuoshwa: umeoshewa kwa maji ya bomba, klorini imeua bakteria wako wote, umerudi siku ya kwanza. Sifongo la filta linasuuzwa kwa maji yaliyotolewa tangini humohumo. Na ukikatikiwa umeme muda mrefu, bakteria walio ndani ya filta wanakosa oksijeni, wanakufa pia.

NYONGEZA 3: Fundi kaja inboksi, anataka nifute uzi ndipo tuongee. Sifuti. Rudisha hela ya samaki wa awamu zote na ya ile dawa, nauli na posho nimekusamehe.

Kwa sasa maji ya tangi yanazunguka bila samaki, kuna kipande cha mgebuka kinaoza humo, na wageni wanauliza hicho ni nini. Mwenye chumvi halisi ya akwariamu anayeweza kutuma Kigoma aje inboksi na bei ya ndoo. Ila akianza kunitajia samaki kabla hajaniuliza amonia yangu inasoma ngapi, nakata simu.