Naomba ushauri: nimwambieje mzee wa watu kuhusu kura ya babu zake?

Mama Tunu:
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Mimi ni mtu wa Tanga, nina mwaka wa nane hapa Milwaukee, jimbo la Wisconsin. Mwezi ujao naapa kuwa raia wa Marekani. Pasi ya nyumbani naiacha, hilo nimeshalilia vya kutosha. Jumuiya yetu inaandaa chakula na nimetakiwa niseme machache.

Nimemwalika jirani yangu, mzee wa miaka themanini na kitu ambaye wazee wake walitoka Ujerumani. Ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye theluji, na jioni nyingi ameniuliza maswali ya mtihani wa uraia hadi nikayashika. Lakini ana neno lake: babu zake walikuja mikono mitupu, wakangoja zamu yao, wakastahili kura. Hulisema akiwatazama Wamarekani weusi wa mtaa wa pili. Nami hunyamaza.

Sasa nimesoma kwamba Katiba ya Wisconsin ya 1848 ilimruhusu mwanamume mzungu wa kigeni kupiga kura akikaa jimboni mwaka mmoja na kutangaza nia ya kuwa raia. Nia tu, uraia wenyewe bado! Ezekiel Gillespie, mweusi mzaliwa wa Tennessee aliyejinunua kutoka utumwani, alikataliwa kupiga kura mwaka 1865, mji huu huu. Nani hasa alingoja zamu? Nimwambie mzee, au ninyamaze?

Mwalimu Mstaafu:
Hongera, mwanangu. Mwambie, ila umpe habari nzima. Wajerumani nao waliumizwa: Agosti 1855 huko Louisville, Kentucky, wapinga wahamiaji waliwavamia wao na Waayalandi siku ya uchaguzi, wakafa watu wasiopungua 22.

Halafu mmalizie ya Gillespie, maana alishtaki akashinda. Mwaka 1849 wapiga kura wa Wisconsin waliulizwa kama weusi wapewe kura: 5,265 walikubali, 4,075 walikataa. Wakubwa wakasema pendekezo limeanguka, eti wengi waliofika vituoni siku ile hawakulijibu swali hilo. Machi 1866 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba lilikuwa limepita tangu siku ile. Miaka 17 watu wananyimwa haki ambayo tayari ni yao! Nimefundisha historia maisha yangu yote na hili bado linanichoma.

Nyambura:
Mimi sikubaliani na habari ya hotuba. Mzee wa rika hilo hakosolewi mbele ya watu, tena akiwa mgeni wako. Mwendee nyumbani kwake kabla ya siku, mkae na chai, mzungumze wawili.

Papa Espoir:
Dada, miye ni Mukongomani, nilipita kambi ya Nyarugusu mbele ya kufika huku Missouri. Usiwaweke Wajerumani wote kapu moja. Carl Schurz alikimbia Ujerumani baada ya mapinduzi ya 1848, akakaa Watertown, huko huko kwenu Wisconsin. Mwaka 1865 alizunguka majimbo ya kusini, akamwandikia Rais Johnson kwamba weusi wapewe kura. Lakini alipokuwa seneta wa Missouri, alipinga sheria ya 1871 ya kuwazuia Ku Klux Klan, kundi la wazungu waliotisha na kuua weusi. Aliwaacha watu wakati walimuhitaji zaidi. Mzee ayajue yote mawili.

Mwana wa Lamu:
Mnazungumza ya mzee tu. Na wewe Mama Tunu, unaingia kwa mlango wa nani? Sheria ya 1790 ilitoa uraia kwa mgeni “mzungu huru” peke yake. Mzaliwa wa Afrika aliruhusiwa 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe ambavyo wanajeshi weusi wa nchi hiyo walimwaga damu. Wachina waliachwa nje hadi 1943. Mimi ningeanza na shukrani hiyo. Je, kutoka mtaa wa pili umemwalika nani?

Mama Tunu:
Sijamwalika mtu. Swali lako limenikalisha kitako. Yupo mama mmoja huko, tunasalimiana miaka yote kituo cha basi, na hata mlango wake sijawahi kuubisha.

Nyambura, nimekusikia. Jumamosi nampelekea mzee maandazi, tuzungumze ya Gillespie na ya Louisville, na hesabu za Mwalimu nimeziandika kwenye kadi. Kwa yule mama naenda kesho, kumwalika mtu siku ya mwisho si heshima.