Honi zinazosikika kana kwamba hazijapatana

Swali (Moshi): Wakuu, sisi wapiga tarumbeta wa usharika tumesikiliza koncheto (muziki wa mpigaji mkuu mmoja pamoja na okestra) ya honi, ala ya kupuliza ya shaba, ya mtunzi György Ligeti iitwayo Hamburgisches Konzert, tukadhani wapigaji wamekosea sauti. Je, ni kusudi?

Jibu (Arusha): Ni kusudi, ndugu. Nyuma ya mpigaji mkuu zimo honi nne za asili zisizo na vali (vitufe vya kubadilisha urefu wa bomba), ambazo hutoa sauti za asili za bomba lenyewe, na miongoni mwake sauti ya 7 na ya 11, ukihesabu kutoka ya chini kabisa, haziangukii kwenye funguo zozote za kinanda.

Jibu: Naongeza kwamba mpigaji mkuu naye hupiga kwa zamu honi ya vali na ya asili. Binafsi, sikuipenda hadi nilipoisikiliza mara ya tatu.

Muulizaji: Asante, mwalimu. Kumbe tulimlaumu mpigaji bure.