Sindano za paini zangu zinapukutika, ni moshi ama ugonjwa?

Mkulima wa Mubende
Wakubwa habari zenu. Nina paini aina ya karibea, ekari mbili, ina miaka 6. Ile mistari ya kando ya barabara ya murram inanitesa, malori yanapita mchana kutwa na jirani anachoma matofali, sasa sindano za matawi ya chini zimegeuka njano, ukipitisha mkono kwa tawi zinabaki kiganjani. Katikati ya shamba ziko kijani tu. Si wanasema paini haipukutiki?

Mzee wa Kitalu
Inapukutika ndugu yangu, ila si zote kwa mpigo. Sindano inakaa miaka 2 au 3 hivi halafu inaanguka, zile kuukuu za karibu na shina ndizo zinatangulia, hiyo usiogope. Cha kuogopa ni zikianguka kabla ya umri wao. Kule Marekani, milima ya San Bernardino, ozoni, gesi itokanayo na moshi wa magari ya Los Angeles, ilifanya paini zibaki na sindano za mwaka mmoja tu. Gesi inaingia kwa vile vitundu vya kupumulia, inaua ile kijani, sindano inapata madoa ya njano kisha inaachia. Mti unakosa chakula, wadudu wa magome wanakuja kuumalizia.

Dada Msitu
Mimi kilichonishtua ni hapo kwa katikati. Kwa kawaida huko ndani ndiko matawi ya chini yanakufa mapema sababu ya kivuli, pembeni kuna jua, sindano zilipaswa zidumu zaidi. Kwako imekuwa kinyume! Tafadhali angalia kwanza kama sindano zina mikanda myekundu, hiyo ni kuvu, ndiyo ilimaliza paini aina ya radiata Afrika Mashariki miaka ya 1960. Kama ncha tu ndiyo imeungua kahawia shuku tanuri, udongo wa matofali ukichomwa unatoa gesi ya floridi.

Mkulima wa Mubende
Nimetoka shambani saa hii. Mikanda hakuna. Upande wa barabara vumbi limegandia hadi kwenye kishina sindano 3 zinapotokea, nimesugua kwa kidole na mate ndio ikaonekana kijani. Upande wa tanuri ncha zimeungua kweli, kama urefu wa kucha.

Dada Msitu
Basi una mambo mawili hapo, vumbi la barabara na gesi ya tanuri. Kaongee na jirani taratibu ahamishe tanuri kabla hajachoma awamu nyingine, na matawi ya juu usiyapogoe sasa, mti unayahitaji.